Jina nililolikata mwenyewe

Mazoezi ya taarab yalikuwa yamekwisha. Wazee walishatoka, wengine wakiwahi Isha, wengine wakiwahi kahawa barazani. Tulibaki wawili: mimi nakusanya karatasi za mashairi, na kijana wetu wa dumbaki anafuta ngozi ya ngoma yake kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Dada," akaniambia bila kuinua macho, "hivi mbona wenzangu wote walikwenda Dar kuweka vidole vya viza ya Ulaya, mie sikuitwa?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu mwaka jana, nimelikunja nimeliweka, nikisubiri tu aulize.

"Jina lako walilikataa mapema. Halikufika hatua ya vidole."

"Aa." Akafikiri kidogo. "Basi safari ijayo uniambie wanataka nini, nikitafute mapema."

Akaifunga ngoma yake ndani ya kanga kuukuu, akanitakia usiku mwema, akaondoka.

Hakuna ubalozi unaokataa jina mapema. Wanasubiri ulipe, uweke vidole kwenye kioo, upigwe picha, ndipo wakukatae. Yeye hakukataliwa na mtu yeyote huko. Fomu yake haikuvuka hata bahari ya Unguja na Dar.

Nilimkata mimi. Juu ya meza ya chakula nyumbani kwangu, saa tano za usiku, kwa penseli.

Wiki sita zimepita tangu aniulize, na sijapata kulala vizuri usiku wa mazoezi.

Mtu wa faili

Mimi si mwanamuziki. Sauti yangu inatosha kuitikia maulidi, basi. Niliingia kwenye kikundi kwa sababu najua kuandika barua ya Kiingereza isiyo na makosa, na kwa sababu marehemu mjomba wangu alikuwa mpiga besi. Kila kikundi cha taarab kina mtu kama mimi: hapigi chochote, lakini bila yeye hamna anayepanda ndege. Ndiye anayeweka pasi za wenziwe kwenye droo. Ndiye anayejua picha inatakiwa iwe milimita 35 kwa 45 na kwamba bima lazima ifike euro 30,000.

Habari za foleni za viza mnazijua, sitawachosha. Nataka kusema jambo moja tu, la karatasi ya benki.

Kijana wetu wa dumbaki ana kazi wiki nzima. Alhamisi hotelini, Ijumaa na Jumamosi harusini, Jumapili kidumbak, ile taarab ndogo ya mtaani. Pesa yake inapita mkononi, imekunjwa ndani ya salamu. Nyingine inatoka kwa mwimbaji, aliyetunzwa na kina mama mpaka noti zikamwagika sakafuni, kisha akawagawia wapigaji nyuma ya pazia. Hakuna hata senti moja ya hizo iliyopita benki. Tulimwambia afungue akaunti, akafungua. Miezi mitatu baadaye tukaomba taarifa ya akaunti, ikatoka ukurasa mmoja wenye mistari minne.

Kuna wanaoshauri mtu akope, aingize fedha wiki moja kabla, aprinti, arudishe. Usifanye. Fedha iliyodondoka ghafla inawatia shaka kuliko akaunti tupu.

Halafu barua ya mwajiri. Mwajiri wa mpiga dumbaki ni nani? Bibi harusi?

Sasa mtazame mpiga fidla wetu wa pili. Ni mwalimu wa serikali. Ana barua yenye muhuri, ana hati ya mshahara, ana mke, ana watoto wanne, ana kiwanja. Ameshaiona Ulaya mara tatu. Mungu anisamehe, na yeye akisoma hapa anisamehe pia, lakini si kwa sababu ya fidla yake.

Mara tisini

Mwaliko wa Ulaya wa mwaka jana ulikuwa wa watu 10. Kikundi chetu kamili ni watu 22, kwa hiyo hata hao 10 tulikuwa tumeshapunguza kwa kuumia. Mwandaaji wa kule ni mtu mwema, simsemi vibaya. Aliandika kwamba atarudisha nauli na ada za viza kwa wale watakaofika. Atakayekataliwa, ada yake ni hasara ya kikundi. Mwisho wa barua akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba ingekuwa vyema kama tungechagua wale wenye nafasi nzuri ya kupata.

Nafasi nzuri ya kupata. Hakusema wanaopiga vizuri.

Juni 2024 ada ya viza ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, ilipanda kutoka euro 80 hadi 90, na ukikataliwa hairudi. Juu yake kuna malipo ya kituo kinachopokea maombi, boti ya kwenda na kurudi Dar, na kula. Kwa kikundi kinachochangishana kununua nyuzi za fidla, kila jina kwenye orodha ni kamari ya euro 90 na ushei.

Nikaanza kuwapa watu alama. Sikuamua siku moja kwamba sasa nitawapa alama, nilijikuta nimeshaanza. Huyu ana mke, sawa. Huyu ana nyumba, sawa. Huyu ameshawahi kwenda akarudi, sawa sana. Huyu ana miaka 24, hajaoa, anakaa kwa mama yake, akaunti mistari minne.

Miaka 24 kwa mama yake ndio umri wa kutembea duniani. Kwa afisa wa viza ndio umri wa kuzamia.

Na kwangu?

Hapo ndipo ninapokwama.

Begi juu ya kitanda

Kwa sababu watu huzamia kweli. Tukisema viza tunanyimwa kwa chuki tu, tunajidanganya, na wanaotusikiliza wanajua tunajidanganya.

Miaka ya nyuma, kwenye safari nyingine, asubuhi ya kurudi, mmoja wa waitikiaji wetu hakushuka kupata chai. Nilipanda kumwamsha. Mlango haukuwa umefungwa. Kitanda kimetandikwa vizuri, begi lake liko juu yake, na juu ya begi sare ya kikundi imekunjwa, shati juu ya suruali, kama inavyotoka kwa dobi. Alitaka tuelewe kwamba hajaiba kitu.

Mwaliko uliofuata tulikataliwa wote. Kila barua ilitiwa alama kwenye kisanduku kilekile, kile kinachosema kuna shaka ya msingi kama mwombaji atatoka kabla viza haijaisha. Hakuna aliyetuandikia kwamba ni kwa sababu ya yule. Hakuna aliyehitaji kutuandikia.

Na yeye? Mama yake ameezeka nyumba upya. Nikipita pale bati linanimulika machoni. Nilijaribu kumchukia nikashindwa, maana na mimi ningekuwa na miaka ile, na mama yule, na paa lile...

Tangu asubuhi ile nilianza kuwatazama wenzangu kwa jicho jingine. Nani amebeba nguo nyingi mno. Nani anapiga simu usiku. Nani anauliza bei ya treni. Serikali za Ulaya zilipata afisa asiyelipwa mshahara, anayekaa Ng'ambo, Unguja, na kuvaa ushungi.

Kwa hiyo nilipoitazama ile orodha saa tano za usiku, sina hakika niliogopa kipi. Hasara ya euro 90? Au niliamini kweli kwamba yule kijana hatarudi? Nimejiuliza wiki sita. La kwanza ni ubahili, naweza kulikiri mbele ya watu. La pili ni kumtuhumu mtu jambo ambalo hajalifanya, wala hajanionesha dalili ya kulifanya, kwa kosa la umri wake.

Nafikiri lilikuwa la pili.

Mzee wa kanuni

Niliyemkata ni mmoja. Tisa waliobaki tulipanda nao boti ya saa moja asubuhi.

Mzee wetu wa kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, alikaa dirishani, pasi mfukoni, mkono juu ya mfuko. Pasi yake inasema alizaliwa Januari Mosi. Wazee wengi wa visiwani wamezaliwa Januari Mosi, ni siku yenye baraka nyingi. Hata Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab aliyezunguka Ulaya na Japani na kutunukiwa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, hakuwa na karatasi ya kumwambia mtu alizaliwa lini. Alipofariki, tarehe 17 Aprili 2013, watu bado walikuwa wanabishana alikuwa na miaka mia au zaidi ya mia. Fomu haina kisanduku cha majibu ya namna hiyo.

Kituoni Mzee akaitwa. Akaweka vidole kwenye kioo. Mashine ikakataa. Binti wa dirishani, mwenye adabu zake, akampa kitambaa afute. Akafuta, akaweka. Ikakataa. Mara ya tatu hivyohivyo. Mzee ni fundi seremala, ameshika randa miaka hamsini, na huko kwenye randa ndiko michirizi ya vidole ilikobaki. Akanigeukia akacheka: "Mwanangu, hii mashine inasema mie si mtu." Mara ya nne ikasoma.

Siku kumi na tatu baadaye akakataliwa. Kisanduku kilekile. Mtu ana wajukuu kumi na moja, meno manne na kanuni moja, na kuna shaka kama atarudi kwao.

Lakini sikilizeni tofauti. Mzee alipewa barua. Ina tarehe, ina alama, na chini yake imeelezwa kwamba ana haki ya kukata rufaa na wapi aipeleke. Hakuikata, alisema hana muda wa kugombana na watu asiowajua. Ila alikuwa nayo. Aliikunja akaiweka ndani ya sanduku la kanuni, chini ya nyuzi za akiba, na mpaka leo akitaka kuchekesha watu huitoa.

Yule kijana hana barua. Hana kisanduku. Hana pa kukata rufaa, kwa sababu aliyemnyima ndiye anayemwita mdogo wangu.

Kitufe

Binti mmoja wa kuitikia naye akakataliwa. Tukaenda saba.

Onyesho la London lilishaanguka kabla hatujaondoka. Uingereza haimo ndani ya Schengen, inataka viza yake na pasi yako, na pasi zetu zilikuwa zimekaa ubalozi mwingine. Pasi ni moja, haiwezi kulala nyumba mbili. Likafutwa, mwandaaji akasema tusijali.

Mpiga rika, ile tari ndogo, ndiye aliyepiga dumbaki. Ni karani wa ofisi fulani, anapiga vizuri tu, kama mtu anayesoma saa. Nafasi ya kanuni ikachukuliwa na kinanda. Kinanda kina kitufe chake, ukikibonyeza kinatoa sauti ya kanuni. Ni kanuni isiyopoteza tuni. Wenye kuijua kanuni wanajua Mzee hutumia nusu ya umri wake kuikaza, nyuzi sabini na kitu, unyevu wa pwani ukiingia tu zote zinalegea, na katikati ya wimbo utamwona mkono mmoja unapiga na mwingine uko kwenye ufunguo unarekebisha. Kule jukwaani hakukuwa na ufunguo wala mkono. Tulibonyeza.

Waitikiaji walikuwa wawili. Beti ikiisha, pale ambapo sauti nane zinatakiwa zimpokee mwimbaji kama mawimbi yanavyopokea ngalawa, zikaja mbili, nyembamba, zinaomba radhi.

Watu wakasimama wakapiga makofi. Muda mrefu. Bibi mmoja alilia.

Nilikuwa nyuma ya pazia na koti langu la kuazima. Nilitamani walau mtu mmoja atoke nje kwa hasira aseme hii siyo. Hakuna aliyejua kilichokosekana. Tungerudi mwaka ujao watano, wangepiga makofi. Tungerudi watatu na kompyuta, wangepiga makofi, na mimi ningeandika barua nzuri ya shukrani.

Siku zile nilimfikiria sana Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa zamani. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilipotaka sauti yake, alisafiri kwa meli mpaka Bombay na wapigaji wake, na santuri zikarudi na mlio wao uleule. Sisemi zama zile zilikuwa za heri, Unguja na Bombay zote zilikuwa chini ya bwana mmoja, Mwingereza. Lakini waliomwita walitaka taarab, wakaichukua na watu wake. Hawakumwambia achague wapigaji wenye viwanja.

Na mlango wetu

Nilipokuwa naandika haya rafiki yangu mmoja, anayeshughulika na matamasha, akanisoma begani akaguna. "Andika na ya kwetu," akasema.

Haya. Msanii wa nje anayekuja kupiga kwetu kwa malipo naye anasakwa na vibali, vya sanaa na vya uhamiaji, na viza ya kibiashara ya Tanzania ni dola 250, karibu mara mbili na nusu ya ile Schengen ninayoililia. Wa Mombasa anaingia kwa ujirani, Jumuiya ya Afrika Mashariki imerahisisha, ila akitaka kulipwa jukwaani mambo ni mengine. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya watu kusafiri huru Januari 2018. Inahitaji nchi 15 ziridhie ndipo ianze kazi, na zilizoridhia unazihesabu kwa mkono mmoja na kidole kinabaki. Mkongo akibadilisha ndege Paris anaombwa viza ya kukaa uwanjani tu, tena asitoke nje, na tunasikitika naye sana. Tukimaliza kusikitika tunamwandalia fomu yetu.

Rafiki yangu huwa na maneno ya kukera. Akamalizia: "Na wewe pia una dirisha lako, sema tu halina kioo." Nilikuwa sijamwambia habari za yule kijana. Nilijisikia kama nimevuliwa ushungi.

Droo

Mwezi huu umekuja mwaliko mpya. Watu 10, masharti yaleyale, sentensi ileile ya nafasi nzuri. Nimeandika majina tisa, nikaacha mstari mmoja, nikaufunga ule ukurasa. Siku ya pili nikaufungua, nikaufunga. Siku ya tatu nikaenda kwenye droo.

Pasi yake ilikuwa chini kabisa. Aliniletea mwaka jana ikiwa na picha mbili ndani ya bahasha, nyuma ya kila picha ameandika jina lake kamili kwa mwandiko wa shule, asije akapotea. Sikuwahi kumrudishia. Hakuwahi kuidai. Nadhani aliona ikiwa kwangu ndiyo iko karibu zaidi na safari.

Nilimkuta Darajani, kwenye genge la shemeji yake, anamenya vitunguu thaumu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikayasahau yote. Nikamwambia hivi hivi: mwaka jana ubalozi haukukukataa, sikupeleka fomu yako, niliogopa hutarudi, na juzi nikakudanganya.

Aliendelea kumenya. Alimenya kitunguu kile mpaka kikaisha, akachukua kingine.

"Ulidhani ntazamia?"

"Ndiyo."

"Nimwache mama na nani?"

Sikuwa na jibu, wala nadhani hakuwa anataka. Shemeji yake alijitia kutafuta kitu chini ya meza. Muuza samaki wa jirani alikuwa anapiga kelele za changu, na nilishukuru kwa ile kelele.

Nikampa pasi. Akapangusa mikono kwenye suruali, akaifungua, akaanza kupitia ukurasa mmoja mmoja, pole pole, zote tupu, mpaka jalada la nyuma. Halafu akanirudishia.

Akauliza siku ya kwenda Dar ni lini. Nikamtajia. Akakigeuza kiganja chake cha kulia, akatazama ncha za vidole, pale ambapo dumbaki imemwotesha sugu, akazisugua kwa kidole gumba.

"Ile mashine inasoma vidole vya namna hii?"

Nikamwambia vya Mzee ilivisoma mara ya nne.